Majina 84 Chini ya Agano: Hati ya Nehemia na Chumba cha Tobia

Mwaka wa shemita, yaani mwaka wa saba ambao Torati inaamuru ardhi ya Israeli ipumzishwe na madeni yasamehewe, utaanza tena Septemba 2028, na si ajabu ukaamsha upya mabishano yaliyoandamana na ule wa 2021 hadi 2022 kuhusu namna ya kuushika. Amri hiyo ni ya Torati, lakini hati ambayo kwayo jamii ya Yuda ilijifunga kwa maandishi kuitimiza imo katika sura ya 10 ya kitabu cha Nehemia, sura isiyosikika sana makanisani kwa kuwa Nehemia wa mimbarani ni mjenzi wa ukuta basi.

Maagano yaliyotangulia yanafahamika: pale Sinai Musa aliwanyunyizia watu damu, pale Shekemu Yoshua alisimamisha jiwe chini ya mwaloni, na mnamo mwaka 622 KK mfalme Yosia aliwasomea watu kitabu kilichookotwa hekaluni.

Hati ya Nehemia, aliyekuwa liwali wa Yuda chini ya Uajemi kuanzia mwaka 445 KK, ni ya namna nyingine kabisa. Haina ngurumo wala sauti kutoka mbinguni. Ina majina 84 ya waliotia muhuri, liwali mwenyewe akitangulia, akifuatwa na makuhani 22, Walawi 17 na wakuu wa watu 44. Masharti yake ni ya maisha ya kila siku: kutooana na mataifa jirani, kutonunua bidhaa siku ya Sabato, kuacha madai ya kila deni mwaka wa saba, kulipia hekalu theluthi ya shekeli (kipimo cha fedha) kila mwaka, na kupiga kura ili ijulikane ukoo upi utaleta kuni za madhabahu na kwa zamu gani.

Mnamo mwaka 433 KK Nehemia alirudi kwa mfalme Artashasta, na alipokuja tena Yerusalemu alikuta kuhani Eliashibu amempa Tobia Mwamoni, hasimu wa tangu siku za ukuta, chumba kikubwa katika nyua za hekalu, kilichokuwa ghala la ubani, vyombo, na zaka za nafaka, divai na mafuta. Walawi, ambao posho yao ilitoka humo, walikuwa wamekwisha kurudi mashambani kwao. Nehemia alivitupa nje vyombo vyote vya Tobia, akaamuru chumba kitakaswe, kisha akawahoji wakuu kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa, jambo ambalo sentensi ya mwisho ya hati iliahidi halitatokea. Tobia hakuwa mgeni wa kubahatisha: alikuwa na udugu na Eliashibu, na wakubwa wengi wa Yuda walikuwa wamemwapia, hivyo mji mmoja ulikuwa na viapo viwili vinavyovutana.

Yote haya yanasimuliwa na Nehemia mwenyewe, na Eliashibu hakupewa nafasi ya kujitetea. Wapo wataalamu wanaoona kwamba hati iliandikwa baada ya ugomvi huo, kwa kuwa masharti yake yanalingana mno na makosa yaliyokemewa katika sura ya 13. Hata hivyo, kilichorudisha Walawi kazini si kiapo peke yake. Nehemia aliweka watunza hazina wanne, miongoni mwao Sadoki mwandishi, kwa sababu walihesabiwa kuwa waaminifu katika kugawa.

Karne za baadaye zilitafuta njia za kulegeza sharti la mwaka wa saba. Hillel, mwalimu wa sheria wa Kiyahudi, aliweka prozbuli, hati iliyokabidhi madeni mahakamani ili yasifutike, na mwaka 1889 marabi kadhaa waliruhusu mashamba yauzwe kwa muda kwa wasio Wayahudi ili yaendelee kulimwa, uamuzi ambao rabi Abraham Isaac Kook aliutetea mwaka 1910. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Israeli iliamua kwamba pale rabi wa mji anapokataa kuidhinisha mazao ya mashamba hayo, Urabi Mkuu hauna budi kuteua mwingine atakayeyaidhinisha.