Mtoto anaposoma 'la-ke': Herufi bubu ya Kiingereza na ufundishaji wake

MWANAFUNZI wa Gredi ya Kwanza anayekutana na neno 'lake' katika kitabu cha Kiingereza na kulisoma kama lile la 'jina lake' hajashindwa kusoma. Amesoma vyema, ila kwa kanuni za lugha nyingine. Kiswahili kimemfunza kwamba kila irabu iliyoandikwa hutamkwa, tena kwa sauti ile ile popote inapokaa. Sasa anaambiwa kwamba 'e' ya mwisho haina sauti na kwamba 'a' imegeuka kuwa 'ei'. Asipoelezwa sababu, huenda akahesabiwa miongoni mwa wazito wa kusoma.

Mitego ya aina hii ni mingi: 'pale', 'wake', 'mate', 'vile', 'pole', 'tone', 'mule'. Yote ni maneno kamili katika lugha zote mbili, hivyo basi mtoto hapati dalili yoyote kwamba amepotea njia.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Neno la Kiingereza likiishia kwa irabu moja, konsonanti moja, kisha 'e', aghalabu 'e' hiyo huwa bubu, nayo irabu iliyotangulia hutamkwa kwa jina lake la alfabeti: 'ei', 'ai', 'ou', 'yuu'. Walimu huiita irabu ndefu. Jina hilo hupotosha, kwani 'cap' na 'cape' hazitofautiani kwa urefu tu bali kwa sauti yenyewe. Mwambie mtoto airefushe 'a' ya Kiswahili naye atasoma 'kaap'. Kosa hilo litakuwa la mwalimu.

'E' hiyo haikuwa bubu tangu jadi. Enzi za mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, 'name' lilikuwa neno la silabi mbili, likitamkwa karibu na vile Mswahili angelisoma leo. Baadaye sauti ya mwisho ilififia, irabu ndefu zikabadilika, maandishi yakabaki. Mnamo 1582 Richard Mulcaster, mwalimu mkuu wa shule moja jijini London, alichapisha kitabu kilichotetea 'e' ya mwisho kuwa alama ya irabu ndefu. Mtoto wetu basi amechelewa kwa miaka 600 tu!

Darasani, yafaa kuanza na maneno yasiyo na 'e'. Mtoto asome 'cap', 'kit', 'hop' na 'cut' bila kusita, ndipo aongezewe herufi hiyo na kupata 'cape', 'kite', 'hope' na 'cute'. Kipande cha manila chenye 'e' kwenye ukingo unaokunjwa chatosha: ukikunjwa ni 'kit', ukikunjuliwa ni 'kite'. Irabu zifunzwe moja moja, 'a' kwanza kwa kuwa mifano yake ni tele.

Mbinu nyingine, ambayo naipendelea zaidi, ni kuandika 'pale' mara mbili ubaoni, chini ya Kiswahili na chini ya Kiingereza, kisha watoto wapige makofi kwa kila silabi. Upande mmja makofi mawili, upande wa pili moja. Tangu mpango wa Tusome ulipoenezwa katika shule za umma mwaka 2015, lugha hizo mbili zimefunzwa sambamba katika madarasa ya chini. Hakuna haja ya kuzificha zisionane.

Vighairi visifichwe pia. 'Have', 'give' na 'love' zina 'e' kwa sababu Kiingereza hakipendi neno kuishia kwa 'v'. 'Come', 'some' na 'done' ni za kukariri. Miundo mingine ya irabu ndefu, kama ile ya 'rain', 'boat' na 'night', ingoje hadi huu wa kwanza ukolee.

Wakati wa imla, mwanafunzi akiandika 'neim' badala ya 'name', mwalimu asikimbilie kalamu nyekundu. Sikio la mtoto huyo limenasa sauti barabara. Kilichobaki ni kumwonyesha jinsi Waingereza wanavyoiandika.