Kitabu cha Dawit: Zaburi za Wahabeshi Zilizoandikwa kwa Mkono

Wapo wasemao, na wengine wao ni watu waliosoma, ya kuwa kitabu cha Kikristo kilifika katika Afrika ya Mashariki kwa merikebu za Wazungu, na kwamba kabla ya hapo hapakuwa na Mwafrika aliyesali akiwa na kitabu mkononi. Kwa Usukuma neno hili ni kweli, maana huko zaburi ziliingia pamoja na shule za misioni, wala hatuna haja ya kulikana. Lakini kwa nchi zote za upande wetu si kweli hata kidogo. Kaskazini, katika milima ya Ethiopia, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Uhabeshi, Zaburi za Daudi zimeandikwa na kukaririwa kwa karne nyingi katika lugha ya Kige'ez, kwa herufi za nchi ile ile, juu ya ngozi za wanyama wa nchi ile ile. Twataka kueleza kitabu hicho kilivyo. Mwalimu wa Sapiwi, au wa mahali pengine po pote katika Bariadi, akikitazama vema ataona kwamba kilitengenezwa na watu waliokuwa na kazi kama yake.

Wahabeshi hukiita kwa jina la mwenyewe, Dawit, yaani Daudi. Mtu husema anasoma Dawit, au amemaliza Dawit. Ukristo ulikubaliwa na mfalme Ezana wa Aksum katika karne ya 4, naye Frumentius akawekwa kuwa askofu wa kwanza. Katika karne zilizofuata Maandiko yalifasiriwa, na Zaburi zilifasiriwa kutoka Kiyunani, si kutoka Kiebrania. Jambo hili laonekana katika hesabu. Zaburi ya 9 na ya 10 za Kiebrania zimeunganishwa kuwa moja, na kwa hiyo nyingi zinazofuata zarudi nyuma kwa moja: zaburi ya mchungaji, ambayo Biblia zetu nyingi huiita ya 23, kwao ni ya 22. Mapadre waliozoea Zaburi za Kilatini hawatashangaa, kwa sababu hesabu yao ilitoka katika shina lile lile. Tena baada ya 150 wanayo moja zaidi, ambayo ndani yake Daudi asimulia ujana wake na vita vyake na Goliathi. Zamani wengine waliidhani kuwa ilitungwa kwa Kiyunani. Ila gombo lililopatikana Qumran mwaka 1956 limeonyesha ya kuwa ilikuwako kwa Kiebrania pia.

Walakini Dawit si Zaburi peke yake. Zikiisha, zafuata nyimbo kumi na tano za manabii na watakatifu: za Musa, ya Hana mama yake Samweli, sala ya Hezekia, ya Manase, ya Yona katika tumbo la samaki, za vijana watatu katika tanuru, ya Habakuki, ya Bikira Maria, ya Zakaria, ya Simeoni mzee, na nyinginezo. Kisha Wimbo Ulio Bora, uliogawanywa mafungu matano. Mwisho huja Sifa za Maria, zilizopangwa kwa siku saba za juma, na sala nyingine ya kumsifu iitwayo Lango la Nuru. Kwa hiyo aliyekuwa na Dawit alikuwa na sala zake zote ndani ya mkoba mmoja wa ngozi, wenye ukanda wa kuuvaa begani.

Ngozi ya kuandikia aghalabu ilikuwa ya mbuzi. Ililowekwa, ikawambwa kwa kamba katika fremu ya miti, ikakwanguliwa manyoya na nyama mpaka ikawa nyeupe na laini. Watu wa Usukuma, wanaojua thamani ya mfugo, watafahamu upesi gharama yake tukisema kwamba kitabu kimoja chenye kurasa zaidi ya mia huhitaji makumi ya mbuzi. Mwandishi alitoboa matundu madogo kando ya ukurasa kwa msumari, akaviringanisha kwa mistari isiyo na wino, iliyokwaruzwa tu, kisha akaandika kwa kalamu ya tete. Wino mweusi ulifanywa kwa masizi. Mwekundu uliwekwa akiba kwa mambo makubwa. Kurasa zilikunjwa, zikashonwa mikunjo kwa mikunjo, zikafungwa kati ya mbao mbili, na mbao za kitabu cha mtu mwenye mali zikavikwa ngozi nyekundu iliyopigwa chapa za misalaba.

Sasa tuje kwenye herufi, maana hapa mwalimu wa darasa la kwanza atajiona nyumbani. Sisi huwafundisha watoto ba, be, bi, bo, bu. Mhabeshi hufanya vivyo hivyo, ila kwake silabi nzima ni herufi moja. Konsonanti ziko 26, na kila moja ina sura saba kwa kufuata irabu, hata jumla yake 182. Mtoto huziimba zote mstari kwa mstari. Watu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walizoea kuweka alama za irabu juu na chini ya herufi, na pengine waliziacha, msomaji akabaki kubahatisha. Katika Kige'ez alama ya irabu imeungana na mwili wa herufi yenyewe, haiwezi kuachwa. Mwandiko huenda kutoka kushoto kwenda kulia, na kati ya neno na neno huwekwa nukta mbili, moja juu ya nyingine. Mtoto akiisha kujua herufi na kusoma Waraka wa Yohane na Injili, ndipo hupewa Dawit, na akimaliza wazazi wake hufanya karamu, kama wafanyavyo watu wa pwani mtoto akihitimu msahafu.

Basi ukurasa wa Dawit wapaswa kutazamwa kwa macho ya mtoto huyo. Vitabu vingi vya Kige'ez vyenye ukubwa huandikwa kwa safu mbili au tatu, na maneno hufuatana bila kujali mwisho wa mstari. Zaburi haziandikwi hivyo. Zina safu moja tu, na kila kifungu kina mstari wake. Kifungu kikiwa kirefu kuliko upana wa ukurasa, mwandishi havunji mpango akaanza mstari mpya. Huyaandika maneno yaliyobaki juu au chini ya mwisho wa mstari ule ule, katika nafasi iliyo tupu, na huweka alama ndogo. Mtu asiyejua huweza kudhani ni masahihisho ya mtu aliyesahau. Sivyo. Ni heshima kwa kifungu, ili jicho lipate pumzi mahali pale pale ulimi unapopumzika. Na tazama jinsi mpango unavyobadilika: zikifika Sifa za Maria mwandishi hurudi kwenye safu mbili, kwa kuwa sala hizo zimetungwa kwa mafungu marefu, hazina vifungu vifupi vinavyojibizana kama zaburi.

Vivyo hivyo wino mwekundu. Huonekana katika anwani za zaburi, katika namba, mara nyingi katika jina la Mungu na la Maria, na katika majina ya herufi za Kiebrania yanayogawa ile zaburi ndefu ya sheria, ambayo kwao ni ya 118. Baada ya kila zaburi ya kumi huja mstari wa mapambo au wa nukta nyekundu na nyeusi, ili msomaji ajue amefika wapi. Maana ni desturi ya wengi kuzigawa Zaburi kwa siku za juma na kuzimaliza zote. Vitabu vingine vina nyuzi za rangi zilizoshonwa kwenye ukingo wa ukurasa, na kidole huzipapasa hata gizani. Sisi twaona kwamba mambo haya, ambayo wenye kuandika orodha za maktaba huyataja kwa neno moja au mawili tu, ndiyo moyo wa kitabu.

Mapambo makubwa yanaitwa harag, maana yake mmea utambaao. Ni mikanda ya rangi iliyosokotana kama ukili, nyekundu, manjano, kijani na samawati, ambayo huzunguka juu na kando ya ukurasa unaoanza sehemu mpya. Dawit nyingi hazina zaidi ya hayo, na nyingi hazina hata hayo. Zenye picha ni chache, nazo zilikuwa za wafalme, wakuu na makanisa yenye mali. Mojawapo iliyo mashuhuri ni ile ya Belen Sagad, ya mwaka 1476 au 1477, ambayo sasa imo katika Bibliothèque nationale de France mjini Paris, miongoni mwa vitabu vilivyokusanywa na Mfaransa Antoine d'Abbadie katika karne ya 19.

Picha ipendwayo kuliko zote ni ya Daudi mwenyewe, ameketi katika kiti cha enzi, amevaa kama mfalme wa Kihabeshi, akipiga begena. Biblia yetu yasema kinubi, nasi twawafundisha watoto neno hilo hali hawajakiona kamwe. Begena ina nyuzi kumi, sanduku chini, mikono miwili iliyosimama na mti uliokingamishwa juu. Aliyeona litungu la Wakurya au nyatiti ya Wajaluo kando ya Ziwa ameona jamaa yake wa karibu. Mchoraji hakuhitaji kubuni chombo cha nchi ya mbali. Alichora kile alichokisikia kikipigwa wakati wa Kwaresima. Yafaa kujua pia desturi moja ya wachoraji hao, iliyo wazi hasa katika kazi za karne ya 17 na kuendelea: watu wema huchorwa uso mzima na macho mawili makubwa, na waovu huchorwa kwa ubavu, jicho moja likionekana. Mtoto asiyejua kusoma bado hupambanua mara moja.

Sifa za kitabu hiki zilifika Ulaya mapema. Johannes Potken, padre wa Köln, aliwasikia watawa wa Kihabeshi wakisali mjini Roma, akatambua majina ya watakatifu katika sala zao, akajifunza lugha kwao. Mwaka 1513 alipiga chapa Zaburi za Kige'ez, kitabu cha kwanza kupigwa chapa kwa herufi hizo. Ilikuwa miaka 15 tu tangu Vasco da Gama alipotia nanga Malindi. Potken alidhani kuwa lugha ile ni ya Wakaldayo, nasi tusimcheke sana, kwani alikuwa ameketi na kujifunza kwa wenyewe, jambo ambalo wengi waliofuata hawakulifanya.

Wenye kupenda Kiswahili wana sababu nyingine ya kulikumbuka jambo hili. Johann Ludwig Krapf, kabla ya kufika Mombasa mwaka 1844, alikaa Shewa katika Ethiopia hata mwaka 1842, akapata huko vitabu vingi vya Kige'ez na kuvipeleka Tübingen, ambako wataalamu walivisoma. Mkono ule ule ulioanza kamusi kubwa ya Kiswahili, iliyotolewa mwaka 1882, ulikuwa umekwisha kufunua kurasa za ngozi.

Si vitabu vyote vilivyotoka kwa njia ya amani. Mwaka 1868, majeshi ya Waingereza yalipoishinda ngome ya Maqdala na mfalme Tewodros akajiua, maktaba yake ilitwaliwa, na vitabu zaidi ya 300 vikaishia British Museum. Leo vimo katika British Library. Katika karne ya 20 likaja jambo jingine, dogo kwa sura lakini baya zaidi kwa kitabu. Wachuuzi walivunja Dawit na kuuza ukurasa mmoja mmoja, na kwa kuwa mnunuzi apenda picha, picha mpya zilichorwa juu ya kurasa za kale. Msomaji makini aweza kuzijua: picha imekalia maandishi yaliyokuwapo kwanza, au yaliyoandikwa hayahusiani na yaliyochorwa. Ukurasa wa namna hiyo ukitiwa katika fremu hauwezi tena kuonyesha alama za makumi, wala uzi wa ukingoni, wala uchafu wa vidole ulio mwingi kwenye zaburi zilizopendwa. Tangu mwaka 1973 kazi ya kupiga picha vitabu vikingali katika makanisa na monasteri ilianzishwa Addis Ababa pamoja na monasteri ya Collegeville huko Marekani, na maelfu yamehifadhiwa kwa njia hiyo.

Tena kuna majina. Mwisho wa kitabu, na mara nyingi mwisho wa zaburi fulani, mwandishi huomba rehema kwa ajili ya mwenye kitabu, na jina la mwenyewe hutiwa kwa wino mwekundu. Hufuata onyo kali la laana juu ya atakayekiiba au kulifuta jina. Hata hivyo Dawit iliuzwa, ilirithiwa, ilitolewa mahari na sadaka, na mwenye kuipata alilikwangua jina la kwanza kwa kisu, akaliandika lake mahali pale pale, katika sala ile ile. Ngozi ni nene kuliko karatasi, haisahau upesi, na mara kwa mara herufi za jina la kwanza zaonekana bado chini ya zile za pili.