Uzito wa Hewa na Mabawa ya Ngong

Msomaji, ukitoka katikati ya Nairobi kwa Barabara ya Ngong, ukaipita Dagoretti Corner na kuelekea Karen, siku isiyo na ukungu utaviona vilima vya Ngong mbele yako, na juu yake mitambo myeupe ya upepo. Miwili ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2009 iliongezwa sita mikubwa zaidi, ambayo mabawa ya kila mmoja huchora duara yenye upana wa mita 52, na baadaye mingine ikafuata. Watu wengi huitazama kila siku wasijiulize mabawa yale yamefanywa kwa kitu gani. Si chuma, wala si bati. Ni nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa utomvu mgumu.

Usistaajabu. Wazee wetu waliijua siri hiyo walipojenga nyumba za fito na udongo. Udongo peke yake hupasuka, na fito peke yake huyumba. Vikishikana, nyumba husimama. Kadhalika kioo kikivutwa kuwa uzi mwembamba kuliko unywele huwa na nguvu ya ajabu, lakini uzi hauwezi kusimama wenyewe, na utomvu ndio unaoushikilia mahali pake. Viwanda vya Marekani vilianza kutengeneza nyuzi hizo kwa wingi katika miaka ya 1930.

Shida ilikuwa namna ya kuutia utomvu. Njia ya kwanza ni ya mkono: fundi hulaza kitambaa cha nyuzi katika kalibu, akakipaka utomvu kwa brashi, akakikandamiza kwa rola, tabaka juu ya tabaka. Njia hiyo ingaliko. Nenda kwa mafundi wanaotengeneza bampa za magari hapa jijini, nawe utaisikia harufu kabla hujaiona kazi. Harufu ile ni ya stairini, mvuke utokao katika utomvu wa polyesta. Huwasha macho na koo, huumiza kichwa, na mtu akiuvuta miaka mingi hudhuru mishipa yake ya fahamu. Tena, fundi awe hodari namna gani, viputo vya hewa husalia ndani, na kiputo ni mwanzo wa ufa.

Mwaka 1950 Irving Muskat, wa kampuni ya Marco Chemicals huko Marekani, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake. Shauri lake lilikuwa hili: nyuzi ziwekwe kavu kati ya kalibu mbili, ya ndani na ya nje; utomvu uwe katika mfereji pembeni, chini; kisha hewa itolewe kwa juu. Palipokuwa na hewa pataingia utomvu. Mashua zilijengwa kwa njia hiyo, lakini haikuenea. Kalibu mbili za mashua kubwa ni ghali. Nami nadhani ilikuwapo sababu nyingine: mikono ya watu ilikuwa rahisi, na mapafu yao hayakuandikwa katika hesabu ya gharama.

Ikapita miaka arobaini. Katika muda huo watu walijaribu kuiacha kalibu ya juu na kufunika nyuzi kwa karatasi ya plastiki tu. Mwaka 1990 William Seemann, Mmarekani, alipata hati juu ya jambo dogo lililoleta faida kubwa. Chini ya karatasi ile alitandaza kitu kama wavu, ambacho utomvu hupita juu yake upesi, kama maji katika mfereji wa shamba, kisha huzama chini katika nyuzi. Sasa hata chombo kirefu kiliweza kulowa kabla utomvu haujaganda. Na kwa kuwa kila kitu kimefunikwa, mvuke mchache sana hutoka. Mwaka 2001 Marekani ilipotoa kanuni za kupunguza mivuke yenye sumu katika viwanda vya mashua, wenye viwanda walipata sababu mpya ya kuipenda njia hiyo.

Lakini ni nani anayeusukuma utomvu? Unapokunywa soda kwa mrija wadhani unaivuta. Sivyo, wewe waondoa hewa mrijani, na hewa iliyo nje huisukuma soda juu. Hewa ina uzito. Mombasa, penye usawa wa bahari, hukandamiza kila mita moja ya mraba kwa nguvu ya tani 10 na zaidi kidogo. Nairobi, iliyo juu kiasi cha mita 1,700, nguvu hiyo ni kama tani 8.4. Basi fundi wa Nairobi akitumia ombwe, amepunjwa karibu sehemu moja ya tano ya msaada ambao mwenzake wa pwani huupata bure!

Nisikudanganye kwamba mabawa yote ya Ngong yalifanywa hivyo. Kampuni ya Vestas ya Denmark, iliyounda ile mitambo sita ya 2009, ilikuwa ikitumia vitambaa vilivyokwisha kuloweshwa utomvu wa epoksi. Ombwe lilivikandamiza, na joto likavigandisha. Hiyo ni njia jamaa. Lakini mabawa yalipozidi kurefuka, viwanda vingi viliishika njia ya nyuzi kavu. Kipeto, huko Kajiado, mitambo 60 iliyoanza kazi mwaka 2021 huchora duara za mita 103.

Mwaka jana mimi na wanafunzi wangu wa ualimu tulijaribu kipande chenye ukubwa wa daftari, kwa kutumia kompresa ya friji bovu. Utomvu ulifika nusu ukasimama. Tukanyamaza, tukatega sikio pembeni mwa karatasi, tukasikia mlio mwembamba kama wa mbu. Lilikuwa tundu la sindano. Tuliliziba, lakini utomvu ulikuwa umekwisha kuganda.