Sindano ya Anti-D na Kinga Inayomgeuka Mtoto

Kinga ya mwili wa mama kwa kawaida humvumilia mtoto aliye tumboni, ingawa nusu ya vinasaba vyake ameirithi kwa baba. Hatari hujitokeza pale mama mwenye damu ya Rhesus hasi, yaani isiyo na protini ya Rhesus kwenye seli nyekundu, anapobeba mtoto wa Rhesus chanya, aliye nayo. Wakati wa kujifungua, damu kidogo ya mtoto huingia kwa mama, na kinga yake, ikiiona ngeni, hutengeneza kingamwili. Mtoto wa kwanza mara nyingi husalimika. Anayefuata ndiye huumia: kingamwili hupenya kondo la nyuma na kuvunja seli zake nyekundu, akazaliwa na manjano kali na upungufu wa damu, au akafia tumboni.

Mwaka 1939, huko New York, Philip Levine na Rufus Stetson walieleza habari za mwanamke aliyejifungua mtoto mfu, kisha akadhurika vibaya alipoongezewa damu ya mumewe. Mwaka uliofuata Karl Landsteiner na Alexander Wiener walitangaza ugunduzi wa Rhesus. Tiba za awali zilikimbizana na madhara yaliyokwisha kutokea. Mtoto alibadilishiwa damu baada ya kuzaliwa, na mwaka 1963 William Liley wa Auckland, New Zealand, akafanikiwa kumwongezea damu mtoto akiwa bado tumboni.

Njia ya kuzuia ilitokana na jambo ambalo Levine alikuwa ameliona mapema: ugonjwa ulikuwa nadra pale damu ya mtoto ilipopishana na ya mama katika makundi ya A, B na O pia. Seli za mtoto ziliharibiwa kabla kinga ya mama haijazitambua kama adui. Huko Liverpool, Ronald Finn na Cyril Clarke walipendekeza mama apewe kingamwili zilizokwisha tengenezwa, ili seli hizo ziondolewe mapema na kinga yake isiamke. New York, Vincent Freda, John Gorman na William Pollack walifikia wazo hilohilo kwa njia yao.

Kundi la New York lilifanya majaribio kwa wafungwa wa gereza la Sing Sing, waliodungwa damu ya Rhesus chanya na kisha kingamwili. Leo jaribio kama hilo lisingeruhusiwa, na ndivyo inavyopaswa. Hata hivyo, mama wengi wana deni kwa watu wale. Marekani iliidhinisha sindano ya kingamwili hizo, yaani Anti-D, mwaka 1968.

Dawa yenyewe hutoka kwenye damu ya binadamu. James Harrison wa Australia, mmoja wa wachangiaji wake, alitoa damu mara 1,173 hadi alipostaafu mwaka 2018.

Afrika Mashariki wenye Rhesus hasi ni wachache kuliko Ulaya, na uchache huo huwafanya wasahaulike kwa urahisi. Mjamzito apimwe kundi la damu mapema kliniki, na akiwa Rhesus hasi, sindano iwe tayari ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto wa Rhesus chanya, au mimba inapoharibika.