Aina Nane za Maneno Zilikotoka

Mtoto wa Tarime au Serengeti ajifunzapo Kiingereza, mara nyingi huambiwa kwamba maneno ni ya aina nane. Hesabu hiyo haikuzaliwa Uingereza. Yapata mwaka 100 kabla ya Kristo, kitabu kinachotajwa kuwa cha Dionysius Thrax kiligawa maneno ya Kiyunani katika mafungu manane. Warumi walikosa fungu moja katika lugha yao. Wakaweka maneno ya mshangao mahali pake, hesabu ipate kutimia. Waingereza wakairithi kwao.

Lakini lugha zetu zina sheria yao. Mwaka 1659 kitabu cha Giacinto Brusciotto, kilichochapwa Rumi, kilieleza jinsi mwanzo wa jina katika Kikongo unavyoyatawala maneno yafuatanayo nalo. Mkuria naye husema Omokuria kwa mmoja, Abakuria kwa wengi.

Basi, mwanafunzi akiandika “goods books” kwa vitabu vizuri, si mjinga. Ameshika sheria ya nyumbani kwao, ambako sifa hulifuata jina. Mwalimu na amwonyeshe kwanza sheria hiyo, ndipo amfundishe ya wageni.