Sepsisi visiwani: saa zinaanza kuhesabiwa wapi?

Mtu akifariki hapa Kizingitini baada ya homa ya siku mbili tatu, barazani utasikia: damu iliingia sumu. Madaktari huita sepsisi, na maana yake ni pana zaidi. Mwili unapopigana na maambukizi, vita vyenyewe huvuka mpaka vikaanza kuharibu figo, mapafu, moyo na ubongo. Chanzo huweza kuwa kidogo: mwiba wa taa mguuni mwa mvuvi, kitovu cha mtoto mchanga, mkojo unaochoma, kichomi, au kondo la nyuma ambalo halikutoka lote. Makadirio yaliyochapishwa 2020 yalihesabu wagonjwa milioni 48.9 duniani kwa mwaka 2017 pekee, na vifo milioni 11, yaani karibu kifo kimoja katika kila vitano.

Ninaandika haya kwa sababu kila mgonjwa akizidiwa mazungumzo yetu hukimbilia mahali pamoja: apelekwe Mombasa, akaingie chumba cha wagonjwa mahututi. Si kosa kutaka hivyo. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unashauri mtu mzima mwenye sepsisi anayehitaji chumba hicho aingizwe ndani ya saa sita, ingawa waliouandika wenyewe wamekiri ushahidi wake si mzito. Lakini saa hizo zinamfikiria mgonjwa aliyekwisha kufika mlangoni mwa hospitali kubwa. Zetu zinaanzia ufukweni. Kwanza ni Faza kwa bodaboda. Faza wakiona yamewazidi, ni boti hadi Hospitali ya King Fahd, Amu. Maji yakikupwa, Mkanda haupitiki kwa kila chombo, na kusi ikikaza nahodha mwenye akili hazunguki nje ya Manda usiku. Kutoka Amu uvuke Mokowe, na Mombasa bado iko mbele kwa zaidi ya kilomita 300. Na ukifika, je, kitanda kipo? Korona ilipoingia 2020, watafiti walihesabu vitanda 537 vya mahututi Kenya nzima, na kaunti 22 tu kati ya 47 zilizokuwa na angalau kitengo kimoja. Vimeongezeka tangu hapo, ila bahari haikupungua upana.

Ushahidi unaotuhusu zaidi haukutoka Ulaya, ulitoka Kilifi. Kati ya Agosti 1998 na Julai 2002 watafiti wa hospitali ya wilaya ya Kilifi walipima damu ya watoto 19,339 waliolazwa. Watoto 1,094 walikutwa na bakteria ndani ya damu, waliokuja nao kutoka nyumbani, na 308 kati yao walifariki. Sasa tazama lini: 103 walifariki siku ileile ya kulazwa, na ndani ya siku mbili walikuwa wamefika 217. Kwa wengi wa hawa, hata kama chumba cha mahututi kingejengwa ukuta kwa ukuta na wodi, muda uliobaki ulikuwa mdogo mno. Ulikuwa umeliwa nyumbani na njiani.

Huo ndio muda ninaoutaka mimi. Uchunguzi wa Kanada na Marekani uliochapishwa 2006 ulipekua majalada ya wagonjwa 2,731 ambao presha ilikuwa imeporomoka kwa sepsisi. Waliopata antibayotiki inayofaa ndani ya saa ya kwanza, karibu 80 katika kila 100 walitoka hai. Kila saa iliyochelewa katika sita za mwanzo ilipunguza nafasi hiyo kwa asilimia 7.6 kwa wastani. Tafiti za baadaye hazikukuta pengo kubwa hivyo kila mahali, lakini mwongozo wa 2021 bado unataka dozi ya kwanza ndani ya saa moja presha ikishashuka. Dozi hiyo haihitaji kitanda cha mahututi. Inahitaji mhudumu aliyesomea, sindano, na dawa iwepo kwenye kabati. Sisemi mtu akajinunulie vidonge dukani. Vidonge viwili vitatu vya kubahatisha huficha ugonjwa tu.

Na kuna la kutahadhari: tusimlazimishe daktari atundike dripu nyingi. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania zisizo na vyumba vya mahututi, Kilifi na Muheza zikiwemo. Waliomiminiwa maji ya mshipa kwa haraka walifariki zaidi, kama 10.5 katika kila 100, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Watoto wa kuharisha hawakuwamo. Hao wana matibabu yao.

Basi usingoje alfajiri ukiona mgonjwa wa homa, au aliyepoa mwili ghafla, anahema mbio, anaweweseka, hakojoi, au ngozi imekuwa baridi yenye mabaka. Mtoto mchanga aliyeacha kunyonya au kulegea ni vivyo hivyo. Mzazi aliyejifungua karibuni akitetemeka kwa homa, usiambiwe ni maziwa yanaingia. Kisomo na kombe viendelee, lakini chomboni.

Kabla boti haijang'oa nanga, muulize mhudumu kama dozi ya kwanza imetolewa, ni dawa gani, na saa ngapi. Aandike kwenye karatasi ya rufaa, na saa aiandike wazi, ya Kiswahili au ya Kizungu. Daktari wa Amu akisoma "saa 2" peke yake hawezi kujua kama dawa imeingia saa sita zilizopita au sasa hivi.