Banjo jukwaani: Namna ya kuikuza sauti bila kuiharibu

BANJO ni ala iliyozaliwa na sauti kubwa. Mpigaji mmoja akiketi barazani na kuicharaza, majirani wote husikia. Hata hivyo, ala hiyo ikipandishwa jukwaani pamoja na dramu, gitaa la besi na waimbaji wenye maikrofoni, humezwa mara moja. Fundi mitambo akijaribu kuiongezea sauti, mara nyingi hupata mluzi mkali unaowafanya wasikilizaji wazibe masikio.

Tatizo hilo linajulikana sana Marekani, ambako banjo ni mhimili wa muziki wa bluegrass. Linafanana pia na lile linalowakabili wapigaji wa udi, kanuni, zeze na marimba katika kumbi za Afrika Mashariki. Ala inayotegemea mbao na ngozi inapowekwa kando ya ala za umeme, ama hukuzwa kwa ustadi, ama hupotea.

Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo hilo, mbinu zinazotumika kulikabili na gharama ambayo kila mbinu huitoza sauti ya ala yenyewe.

Ngoma yenye shingo

Kwa umbile, banjo ni ngoma iliyotiwa shingo na nyuzi. Kiwambo chake cha duara, ambacho katika banjo nyingi za bluegrass kina kipenyo cha inchi 11, huwambwa na kukazwa kwa skrubu juu ya pete ya mbao na chuma. Zamani kiwambo hicho kilikuwa ngozi ya ndama au mbuzi. Tangu miaka ya 1950 plastiki imechukua nafasi hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa ngozi hulegea wakati wa unyevu na kuivuruga sauti.

Asili ya ala hiyo ni Afrika Magharibi. Waafrika waliochukuliwa utumwani kwenda Karibi na Amerika walikwenda na ujuzi wa kutengeneza ala za vibuyu vilivyowambwa ngozi. Mojawapo ya jamaa za banjo ambazo bado zinapigwa ni akonting ya Wajola wa Senegal, Gambia na Guinea-Bissau. Katika mwambao wa Afrika Mashariki na Visiwa vya Komoro, gambusi, ambayo tumbo lake huwambwa ngozi, hutoa sauti kwa kanuni hiyohiyo.

Nyuzi za banjo hupita juu ya kidaraja chepesi cha mbao kinachosimama katika kiwambo. Uzi ukipigwa, kidaraja hukitikisa kiwambo, nacho husukuma hewa. Kwa kuwa kiwambo ni chepesi na kipana, sauti hutoka haraka na kwa nguvu, kisha hufifia upesi.

Wepesi huo ndio unaoleta taabu jukwaani. Kiwambo kinachosukuma hewa kwa urahisi husukumwa na hewa kwa urahisi uleule. Sauti inayotoka katika spika hurudi na kukitikisa. Mtikisiko huo hunaswa tena, hukuzwa tena na kurudi tena katika spika. Mzunguko huo ukizidi kiasi, mitambo hupiga mluzi. Kwa maneno mengine, banjo yenyewe hugeuka kuwa maikrofoni kubwa iliyo wazi muda wote.

Kutoka nguvu za mikono hadi umeme

Kabla ya mitambo ya umeme kuenea, banjo ndiyo iliyokuwa jibu la tatizo la sauti. Katika bendi za jazz za miaka ya 1920, banjo ya nyuzi nne ilipendwa kwa kazi ya kushika mapigo kwa sababu ilisikika hata palipokuwa na tarumbeta na tromboni. Gitaa la kawaida halikuwa na uwezo huo.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1930, gitaa la umeme lilipoingia sokoni. Nguvu ya amplifaya ilifuta faida ya banjo, na mitindo ya muziki nayo ilikuwa ikibadilika. Katika bendi nyingi za dansi banjo iliwekwa kando.

Ilirejea kwa kishindo kupitia mlango mwingine. Desemba 1945, Earl Scruggs, kijana wa miaka 21 kutoka North Carolina, alijiunga na bendi ya Bill Monroe katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, kilichorushwa kutoka ukumbi wa Ryman mjini Nashville. Mtindo wake wa kupiga kwa vidole vitatu ulizifanya noti zitiririke mfululizo, na banjo ikawa alama ya bluegrass.

Bendi za wakati huo mara nyingi zilitumia maikrofoni moja au chache tu. Mwanamuziki aliyefika zamu yake ya kupiga peke yake alisogea mbele, kisha akarudi nyuma kumpisha mwenzake. Uwiano wa sauti ulipatikana kwa miguu ya wanamuziki kabla ya kufika kwa fundi.

Njia hiyo haijafa. Bendi ya Del McCoury iliirejesha katika majukwaa makubwa kuanzia miaka ya 1990. Inahitaji maikrofoni nyepesi kuhisi, ukumbi wenye utulivu na wanamuziki waliozoeana. Haifai palipo na dramu, wala mahali ambapo wasikilizaji wanazungumza kwa sauti ya juu.

Maikrofoni ya ala peke yake

Njia ya kawaida zaidi ni kuipa banjo maikrofoni yake. Zipo za aina mbili kuu. Ya dainamiki, kama Shure SM57 iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, ni ngumu, haihitaji umeme wake na huvumilia sauti kubwa. Ya kondensa hunasa mambo madogo zaidi, lakini nyingi huhitaji umeme wa volti 48 kutoka katika mikisa, na hunasa pia kelele za majirani wa jukwaani.

Umbali una uzito mkubwa. Kwa makadirio, kila umbali kati ya ala na maikrofoni unapopunguzwa kwa nusu, sauti inayonaswa huongezeka kwa desibeli 6. Kwa hiyo kusogeza maikrofoni kutoka sentimita 40 hadi 20 huwa na manufaa kuliko kupandisha kitufe cha mikisa, kwa kuwa kitufe hupandisha ala na kelele kwa pamoja.

Mahali inapoelekezwa nako hubadili sauti. Ikielekezwa karibu na kidaraja, sauti huwa kali na nyembamba. Ikielekezwa pale shingo inapokutana na kiwambo, huwa laini na nene zaidi. Wengi huanza katikati ya sehemu hizo mbili, kisha husogeza kidogo kidogo huku wakisikiliza.

Spika za jukwaani, zile zinazowasikilizisha wanamuziki wenyewe, ndizo chanzo kikubwa cha mluzi. Maikrofoni zinazonasa upande mmoja huwa na upande usiosikia. Katika zile za kadioidi upande huo uko nyuma kabisa, na spika huwekwa hapo. Katika zile za superkadioidi uko nyuma kwa pembeni, takriban nyuzi 125 kutoka mbele. Fundi asiyejua tofauti hiyo anaweza kuielekeza spika mahali panaposikia zaidi.

Idadi ya maikrofoni huhesabika pia. Kila zinapoongezwa mara mbili, nafasi iliyobaki kabla ya mluzi hupungua kwa takriban desibeli 3. Maikrofoni isiyotumika hufaa izimwe.

Udhaifu wa maikrofoni ya kusimama ni kwamba humfunga mpigaji mahali pamoja. Akigeuka kidogo, sauti hushuka. Kwa sababu hiyo zimetengenezwa maikrofoni ndogo zinazobanwa katika pete ya banjo. Hizo humwacha mpigaji huru na kubaki umbali uleule muda wote, ingawa hunasa pia mgongano wa kucha za chuma zinazovaliwa vidoleni.

Vinasa mtetemo

Palipo na dramu na gitaa za umeme, wengi huhamia katika vinasa mtetemo, vifaa vidogo vinavyofungwa katika ala yenyewe na kusoma mtikisiko badala ya hewa.

Aina ya kwanza hutumia piezo, yaani mata inayotoa umeme inapobanwa. Tabia hiyo ilielezwa na ndugu Jacques na Pierre Curie mwaka 1880. Kipande chake hugandishwa katika kidaraja au chini ya kiwambo. Kasoro inayojulikana ni sauti ya kukwaruza, hasa kinapounganishwa moja kwa moja na mikisa. Piezo huhitaji kifaa chenye ukinzani mkubwa wa kupokea, kuanzia takriban megaomu 1; bila hivyo sehemu nene ya sauti hupotea. Amplifaya ndogo ya awali huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Aina ya pili hutumia sumaku. Kipande chembamba cha chuma huwekwa chini ya kidaraja, na koili yenye sumaku hufungwa ndani, chini ya kiwambo. Kiwambo kikitikisika, chuma hucheza mbele ya sumaku na kuzalisha umeme. Vifaa hivi huvumilia jukwaa lenye kelele, lakini hubadili kidogo tabia ya banjo, kwani huongeza uzito mahali palipotakiwa kuwa pepesi.

Baadhi ya wapigaji hujaza kitambaa au sponji nyuma ya kiwambo ili kupunguza mtikisiko. Mluzi hupungua, na mwangwi wa asili wa banjo hupungua pamoja nao.

Suluhisho linalotumika katika majukwaa mengi makubwa ni kuchanganya. Kinasa mtetemo hupelekwa katika spika za jukwaani, ambako hatari ya mluzi ni kubwa. Maikrofoni hupelekwa katika spika za wasikilizaji, ambao ndio wanaostahili sauti halisi. Mpigaji anayevaa spika za masikioni huondoa karibu hatari yote ya upande wa jukwaa.

Kazi ya fundi mitambo

Uzi mnene wa banjo ya nyuzi tano, katika mpangilio wa kawaida wa G, hutoa noti ya takriban hezi 147. Chini ya hezi 100 hakuna sauti ya banjo yenye kusaidia; kuna mngurumo wa besi, vishindo vya miguu na upepo. Hatua ya kwanza katika mikisa ni kuikata sehemu hiyo.

Hatua ya pili ni kutafuta mluzi unakoanzia. Sauti hupandishwa polepole hadi mluzi uanze kusikika, kisha mawimbi hayo pekee hupunguzwa kwa ikwalaiza. Kupunguza eneo pana huiua ala. Ukali unaochosha masikio mara nyingi huwa kati ya hezi 2,000 na 4,000, na hupunguzwa kwa kiasi.

Kitufe cha kugeuza awamu, kinachopatikana katika amplifaya nyingi za awali, nacho hufaa kujaribiwa. Wakati mwingine kukibonyeza kunatosha kuuondoa mluzi bila kugusa kingine.

Hatua inayosahaulika ni kupunguza wengine. Amplifaya ya gitaa ikishushwa na dramu ikipigwa kwa wepesi, banjo huhitaji nyongeza ndogo tu. Afya nayo inahusika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kiwango cha usalama kwa kumbi na matamasha, ambacho ukomo wake ni wastani wa desibeli 100 katika dakika 15. Kumbi ambamo kila ala hupandishwa ili kuishinda nyingine huupita ukomo huo kwa urahisi.

Funzo kwa ala za nyumbani

Mfano wa kuchagua njia kulingana na mazingira unaonekana kwa Béla Fleck, mpigaji banjo wa Marekani. Katika bendi yake ya Flecktones, iliyoanza mwaka 1988, alitumia pia banjo ya umeme ili kwenda sambamba na besi na ngoma za kielektroniki.

Mwaka 2005 alisafiri Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kufuatilia asili ya ala yake, na huko aliikamata banjo ya kawaida. Nchini Tanzania alipiga pamoja na Anania Ngoliga, mwanamuziki asiyeona na mpigaji wa ilimba. Safari hiyo ilizaa filamu ya mwaka 2008 iliyoitwa Throw Down Your Heart, jina linalotokana na simulizi kuhusu Bagamoyo, yaani bwaga moyo. Albamu yake ilitoka mwaka 2009 na kupata tuzo ya Grammy mwaka 2010.

Banjo na ilimba zikipigwa karibu karibu husikilizana bila msaada mkubwa. Zikiwekwa mbele ya dramu, zote mbili huhitaji mitambo na fundi anayezifahamu.

Historia inaonyesha yanayotokea fundi huyo akikosekana. Bendi za jazz ziliiacha banjo na kuchukua gitaa la umeme. Katika taarabu ya kisasa, iliyoshamiri tangu miaka ya 1990, kinanda cha umeme na magitaa yalichukua sehemu kubwa ya nafasi ya udi, kanuni na fidla. Sababu ni nyingi, lakini ala isiyosikika ukumbini huwa ya kwanza kuachwa nyumbani.

Kwa bendi inayotaka kuwa na ala ya asili, gharama ya kuanzia si kubwa: maikrofoni moja inayofaa, nusu saa ya kujaribu sauti kabla ya onyesho, na wenzake mpigaji walio tayari kupunguza zao.